Aliitisha Sherehe Muguga 1922, Miti Ikapandwa Hadi Ng'ambo: Risto ya Richard St. Barbe Baker

Novemba 13, 2023 ulikuwa wapi? Kama ulikuwa Kenya, unakumbuka venye gava ilitupea holiday, tukaambiwa tutoke tukapande miti. Wasee wengine walibeba jembe, wengine walilala hadi saa sita mchana. Lengo lilikuwa kubwa: miti bilioni 15 kufikia 2032.

Sasa cheki hii. Miaka 101 kabla ya hiyo holiday kulikuwa na jamaa hapa Kenya aliyekuwa na kibarua kama hicho. Alitaka vijana wapande miti, lakini hakuwa na doo za kuwalipa wala uwezo wa kutangaza holiday. Juu ya hayo, vijana wenyewe walikuwa na kila sababu ya kumkataa, kwa sababu alikuwa mzungu wa serikali ya kikoloni.

Alichofanya ni kuitisha ngoma. Na kutoka kwa hiyo sherehe ya siku moja, pale Muguga, Kiambu, kukatokea moja ya vyama vya kwanza duniani vya kuhifadhi miti kimataifa. Jamaa aliitwa Richard St. Barbe Baker. Hii ndio story yake.

MTOTO WA KITALU

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, West End, karibu na mji wa Southampton, Uingereza. Fathe wake alikuwa na kitalu cha miti na pia alikuwa mhubiri, kwa hivyo kijana alikua kati ya miche na maombi. Akiwa mdogo sana aliingia peke yake kwa msitu wa misonobari na akapotea. Mtoto mwingine angelia. Yeye alisimulia hadi uzeeni kwamba siku hiyo alijisikia kama amezaliwa mara ya pili.

Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi alienda Kanada, akawa kati ya wanafunzi wa mwanzo kabisa wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Maisha hayakuwa ya kifahari. Alichukua kipande cha ardhi akaishi kama mkulima, na kutafuta riziki akafanya kazi kwa kambi za wakata miti, upande wa Prince Albert.

Hapo ndipo alifunguka macho. Aliona miti mikubwa ikiangushwa na nyingi ikiachwa kuoza tu. Kwa mashamba ya nyanda, walowezi walikuwa wameng'oa kila kitu kilichozuia upepo, na udongo mzuri ulikuwa unapeperuka. Wakati huo hakukuwa na mtu wa kuongea mambo ya mazingira kwa redio. Aliona tu kwa macho yake kwamba ukitoa mti, shamba halikai.

Alirudi Uingereza kusomea dini Cambridge, vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Akaingia jeshini kwa kikosi cha mizinga, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, na kufikia 1918 akaruhusiwa kutoka kwa sababu ya majeraha. Baada ya vita alihustle kidogo. Ndege za kivita zilikuwa zimebaki bila kazi, yeye akachukua vipuri vyake akaunda karavani za kuvutwa na gari. Biashara hiyo angeweza kutulia nayo. Lakini alirudi Cambridge tena, safari hii kusomea misitu, na mwaka wa 1920 akapanda meli kuja Kenya kama afisa msaidizi wa misitu.

KENYA ILIKUWA MOTO

Mwaka huo wa 1920 ndio nchi yetu ilibadilishwa jina rasmi kuwa koloni la Kenya. Ardhi nzuri ya milimani ilikuwa imechukuliwa na walowezi. Mwafrika alikuwa anatembea na kipande shingoni, analipa kodi ya nyumba, na mwaka wa 1921 walowezi wakaamua kupunguza mishahara ya wafanyakazi kwa theluthi moja.

Machi 1922 mambo yakalipuka. Harry Thuku, kijana wa Kiambu aliyekuwa anapinga kipande na kodi, alikamatwa. Watu wakajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Muthoni wa Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Risasi zikapigwa. Zaidi ya watu 20 walikufa, Nyanjiru akiwa mmoja wao.

Hiyo ndiyo Kenya ambayo Baker alikuwa anataka kuomba vijana wafanye kazi ya bure.

Na misitu nayo ilikuwa inaisha. Reli ya Uganda ilikuwa inachoma kuni kuendesha treni. Wenye viwanda vya mbao walikuwa wanakata mierezi, mingine ikienda ng'ambo kutengeneza penseli. Wakulima nao walikuwa na mtindo wao wa zamani: unafyeka kipande cha msitu, unalima miaka michache, halafu unahamia kwingine na kuacha msitu ujirudishe. Mtindo huo hauna noma kama ardhi ni kubwa. Lakini wakoloni walikuwa wamechora mipaka na kuwasukuma watu kwa rizavu. Sasa utahamia wapi? Shamba likichoka, unabaki papo hapo na vumbi.

Hapa ni lazima tuseme ukweli kuhusu Baker. Katika maandishi yake alilaumu sana ukulima wa kuhamahama wa Wakikuyu. Lakini hao hao Wakikuyu walikuwa na miti ambayo mtu hakuthubutu kuigusa, kama mugumo, mahali pa kuombea. Hawakuwa watu wa kudharau miti. Walikuwa watu waliofungiwa.

Alichokuwa nacho Baker, na ambacho maafisa wengi hawakuwa nacho, ni masikio. Alienda kukaa na wazee. Alipowauliza kuhusu kupanda miti, walimjibu kwamba hiyo ni shauri ya Mungu. Tangu zamani msitu ulijirudisha wenyewe. Kwa nini binadamu aingilie kazi ambayo si yake? Aliwaeleza kwamba wakiendelea kukata ile miti mikubwa, hakutakuwa na mti mzazi wa kudondosha mbegu. Hoja ikaingia. Lakini kati ya hoja kuingia na jembe kushikwa, kuna safari ndefu.

NGOMA YA MITI

Kulikuwa na kitu kingine alichogundua. Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kila shughuli muhimu. Wakati wa kupanda maharagwe kuna ngoma, wakati wa kuvuna mtama kuna ngoma. Kwa miti hakukuwa na ngoma. Basi akaona aanzie hapo.

Lakini hakufanya peke yake. Kando yake alikuwepo Chifu Josiah Njonjo. Kama jina linakugusa, ndio, ni yule yule baba ya Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Wakati huo Charles alikuwa mtoto wa miaka 2. Mzee Josiah alikuwa chifu wa serikali, na kuna waliomwangalia kwa jicho baya kwa sababu hiyo. Ila bila yeye, mzungu mgeni angeitisha ngoma na kujikuta anacheza peke yake.

Tangazo likatoka. Zawadi ya fahali aliyenona kwa morani atakayepiga luku kali zaidi. Shanga za rangi anayoipenda kwa msupa atakayewashinda wengine kwa urembo. Tarehe: Jumamosi, Julai 22, 1922. Mahali: Muguga, karibu na kambi ya Baker.

Inasimuliwa kwamba morani kama 3,000 walitokea, wamejipaka rangi, wamevaa mavazi ya vita. Fikiria hiyo picha. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu watu wapigwe risasi Nairobi, na sasa vijana 3,000 wako uwanjani na mzungu mmoja anataka kuwaambia kitu.

Baker aliongea nao. Aliomba wa kujitolea, na kati yao wakachaguliwa 50 wa kwanza. Hao wakasimama na kuahidi mbele ya Ngai mambo matatu: kulinda msitu wa asili, kupanda miti kumi ya asili kila mwaka, na kutunza miti popote watakapokuwa. Wakaitwa Watu wa Miti. Neno lao la kutambuana lilikuwa Twahamwe. Kwa lugha ya mtaa wa leo, tuko pamoja.

Soma tena hiyo ahadi. Hawakuambiwa wapande milioni kwa siku moja wapigwe picha. Kumi kwa mwaka, kila mwaka, na uitunze. Mtu mmoja anaweza. Na kwa sababu ameahidi mbele ya rika lake na mbele ya Mungu wake, akizembea aibu ni yake.

Kwa ground kazi ilikuwa hivi: mbegu za miti ya asili, kama mutamaiyu na mutarakwa, ziliotwa kwa vitalu. Miche ikapandwa katikati ya mahindi na viazi vikuu. Mkulima anapalilia chakula chake, mche nao unapata huduma hiyo hiyo. Akimaliza kuvuna miaka michache na kuhama, anaacha nyuma msitu mchanga badala ya vumbi. Ni jamaa wa karibu wa ile shamba system ambayo wanasiasa wetu bado wanabishania.

PIGO LA BOSI

Baker hakukaa Kenya sana. Kuna kisa kimoja kinachosimuliwa kila mara maisha yake yakielezwa. Afisa mmoja mkubwa alipandwa na hasira, akainua mkono kumpiga mfanyakazi Mwafrika. Baker akajitupa katikati, na pigo likamwangukia yeye begani.

Leo ungeona ni kitu cha kawaida, utu tu. Katika koloni la wakati ule, afisa mzungu kumkinga Mwafrika dhidi ya bosi wake mzungu ilikuwa kuharibu job. Kisa hicho kilimchafulia jina kwa wakubwa, na hakuwahi kupanda ngazi za utumishi wa kikoloni kama wenzake.

Mwaka wa 1924 alikuwa London. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa dini za himaya ya Waingereza, na yeye akaenda kuongea juu ya imani za Wakikuyu. Hakwenda kuzicheka. Aliwaeleza wasikilizaji kama mtu aliyefundishwa kitu. Baada ya hotuba hiyo alikutana na Wabahai, na akawa mfuasi wa imani hiyo hadi kifo.

Mwaka huo huo akafungua tawi la Uingereza la Watu wa Miti. Jina alilolitumia lilikuwa tafsiri tu ya lile la Kiswahili: Men of the Trees. Angalia hapo vizuri. Tumezoea chama kinaanzia London au New York halafu kinafungua ofisi Nairobi. Hiki kilianzia Muguga, kikafungua tawi London.

KUTOKA MUGUGA HADI DUNIANI

Kati ya 1925 na 1929 alirudi Afrika, safari hii kusini mwa Nigeria, kwa misitu ya mikangazi. Halafu akaacha kazi ya serikali na kufanya miti iwe maisha yake yote.

Palestina, 1929. Nchi ilikuwa imejaa chuki kati ya makundi, na mwaka huo huo kulitokea umwagaji damu mbaya. Baker aliwaita viongozi wa dini tofauti wakae meza moja kuzungumzia kupanda miti. Hakumaliza ugomvi wao, na hadi leo haujaisha. Lakini miche ilipandwa.

Halafu Marekani, jimbo la California, penye ile miti ya redwood, mirefu kuliko miti yote duniani, mingine ikiwa na zaidi ya miaka elfu moja. Wenye misumeno walikuwa wanaimaliza. Baker alizunguka akitoa hotuba na kuchangisha pesa ili misitu hiyo inunuliwe na kuhifadhiwa. Australia na New Zealand pia alifika, akianzisha matawi na kuongea na yeyote aliyekuwa na dakika tano.

Baada ya vita vya pili vya dunia, kuanzia 1945, alianza kuwaalika mabalozi wa nchi mbalimbali London kukaa pamoja na kuzungumzia misitu ya dunia. Umoja wa Mataifa ulikuwa mtoto mchanga, na shirika lake la mazingira pale Gigiri lilikuwa halijazaliwa hadi 1972. Yeye tayari alikuwa anawaambia mabalozi kwamba msitu ukikatwa kwa jirani, mvua na mto vinakuhusu wewe pia.

Vitabu aliandika vingi, na chama chake kikaenea. Inatajwa kuwa kilikuwa na wanachama katika nchi zaidi ya 100.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi hivyo. Alioa mara mbili, ndoa ya kwanza ikavunjika. Mtu anayeishi kwa safari na hotuba huacha pengo mahali, na yeye hakuwa tofauti.

JANGWA

Mwaka wa 1952, akiwa na miaka 63, umri ambao wengi washastaafu, alichukua gari na wenzake wachache kuivuka Sahara. Walienda maili 9,000 hivi, zaidi ya kilomita 14,000, kutoka jangwani hadi Afrika ya ikweta.

Alichorudi nacho ni wazo ambalo wengi waliona ni la kichaa: kwamba Sahara inasonga kusini kwa sababu ya mkono wa binadamu, na mkono huo huo unaweza kuizuia kwa ukanda mkubwa wa miti. Alitaka pia majeshi ya dunia yatumike kupambana na jangwa badala ya kupigana yenyewe kwa yenyewe.

Majeshi hayakuja. Lakini mwaka wa 2007, miaka 25 baada ya kifo chake, Umoja wa Afrika ulizindua mradi wa Ukuta Mkuu wa Kijani, ukanda wa karibu kilomita 8,000 kutoka Senegal hadi Djibouti. Jina la Baker hutajwa mara nyingi watu wakieleza wazo hilo lina mizizi wapi. Na mradi wenyewe umefunza somo ambalo morani wa Muguga wangeweza kukuambia: mstari wa miti uliopandwa na mgeni hukauka, na mti wenye mwenyewe anayeutaka huota.

MZEE JUU YA FARASI

Alihamia New Zealand. Mwaka wa 1963, akiwa karibu na miaka 74, alipanda farasi akasafiri zaidi ya maili 1,000 nchini humo, akisimama shule kwa shule kuongea na watoto juu ya miti. Babu mwenye nywele nyeupe anaingia shuleni na farasi. Nani angesahau?

Miaka ya sabini alifika India na kukutana na Sunderlal Bahuguna wa harakati za Chipko, wale wanavijiji waliokumbatia miti ili isikatwe. Mwaka wa 1978 Uingereza ikampa nishani ya OBE. Kanada nako, msitu wa kupandwa pembeni mwa jiji la Saskatoon ukapewa jina lake.

Saskatoon ndiko alikomalizia. Juni 1982, akiwa na miaka 92 na mwili umechoka, alikuwa katika chuo kile kile alichosoma akiwa kijana. Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, alipanda mti hapo. Siku nne baadaye, Juni 9, akafariki. Alizikwa huko huko.

NANI ANAKUMBUKWA?

Chama chake bado kiko. Siku hizi kinaitwa International Tree Foundation, na Kenya ni moja ya nchi ambako kinafanya kazi na vikundi vya wenyeji kurudisha misitu. Na pale Muguga, mahali ngoma ilipochezwa, ndipo yalipo makao makuu ya Kefri, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya.

Lakini hebu tujiulize. Jina la Baker liko kwa vitabu na kwa ramani ya Kanada. Jina la Josiah Njonjo wachache wanalijua kwa ajili ya miti. Wengi wanalijua kwa ajili ya mtoto wake. Na wale vijana 50 waliosimama mbele ya wenzao, na vipande vyao shingoni na kodi juu ya vichwa vyao, wakaahidi kupanda miti kumi kila mwaka kwa ardhi ambayo serikali ingeweza kuwanyang'anya kesho? Majina yao hayako popote wewe na mimi tunaweza kuyasoma. Bila wao Baker angebaki afisa mwenye wazo zuri na fahali mmoja aliyenona.

Miaka 55 baada ya ngoma ile, Juni 5, 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, na kina mama wa vijijini wakaendeleza kazi hadi dunia nzima ikajua. Njia ilikuwa ile ile: watu wa kawaida, vitalu vidogo, mti wenye mwenyewe.

Kwa hivyo ukipanda mat ya kuelekea Limuru na ukaona kibao cha Muguga, kumbuka hiyo Jumamosi. Halafu jiulize ule mche uliopanda Novemba 13, 2023 uko wapi sai. Uko hai? Kuna mtu aliwahi kuumwagilia maji?

Kama ulikufa, hakuna noma. Mvua zikianza, anza na kumi. Tuambie kwa komenti utapanda wapi na mti gani.